Bili ndogo ya maji haithibitishi kwamba hoteli inatumia maji kidogo

Dhana: Weka pamoja bili za maji za hoteli mbili za Nyali, utajua ipi inayotumia maji mengi.

Ukweli: Bili huonyesha maji ya mfereji tu, na hoteli nyingi za Mombasa huyachanganya na ya kisima na ya boza. Kisima kisicho na mita kinaweza kuvutwa usiku kucha na bili isionyeshe chochote. Funga mita kwenye kila kisima, na boza likija andika lita lilizoshusha, si idadi ya safari. Penye mtambo wa kuondoa chumvi, pima maji yanayoingia na yanayotoka. Kwa maji ya bahari, kwa kawaida zaidi ya nusu ya yanayoingia hurudishwa yakiwa na chumvi kali zaidi.

Mita ya mfereji nayo ina kasoro zake. Maji yakikatika kisha yakarudi, hewa iliyojaa bombani hutangulia na kuizungusha mita kana kwamba ni maji. Tena, mita hiyo huhesabu jinsi tangi la hoteli linavyojaa, si jinsi maji yanavyotumika. Ndiyo maana tunasisitiza mita ya pili, baada ya tangi. Isome saa nane usiku, kisha saa kumi alfajiri, dobi ikiwa imefungwa na bustani hainyweshwi. Tuseme imesogea lita 600: hizo ni lita 300 kwa saa wakati karibu kila mgeni amelala, au 7,200 kwa siku zikiendelea hivyo. Huenda maji yanavuja mahali; anza na vyoo. Tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo na usubiri dakika 15 bila kuvuta maji. Rangi ikishuka bakulini, mpira wa kuzibia maji ndani ya tangi hauzibi. Maji ya visima vya mawe ya matumbawe huacha chokaa pale mpira unapokaa, kwa hiyo ukibadilisha mpira bila kukwangua chokaa, uvujaji utarudi.

Dhana: Mei, wageni wakipungua, hoteli inatumia stima vizuri zaidi.

Ukweli: Jumla hushuka, lakini kila chumba chenye mgeni hubeba mzigo mkubwa zaidi. Chukua mfano wa hoteli ya vyumba 100 ambayo friji, pampu na taa za nje hula uniti (kWh) 1,500 kwa siku hata isipokuwa na mgeni, na kila chumba chenye mgeni kinaongeza 15. Vyumba 90 vikijaa, ni uniti 32 hivi kwa chumba. Vikijaa 30, ni 65. Kwa hiyo usilinganishe Mei ya huyu na Desemba ya yule. Chukua matumizi ya miezi 12 ya kila hoteli, ugawe kwa vyumba vilivyolaliwa, si vyumba vilivyojengwa.

Dhana: Nishati ni stima.

Ukweli: Gesi na dizeli nazo ni nishati, zihesabu pia. Mtungi wa gesi wa kilo 50 una takriban uniti 640 za joto, na lita ya dizeli takriban 10. Ukishahesabu dizeli ya jenereta, usijumlishe tena stima iliyotoka humo.

Dhana: Shuka zikifuliwa nje, maji yake hayatuhusu.

Ukweli: Ni shuka za wageni wenu. Pimeni kilo zinazotoka, mwombeni dobi takwimu zake za lita kwa kilo, na mziingize kwenye hesabu. La sivyo, hoteli inayofua kwake itaonekana mharibifu bure.