Dhana Potofu Kuhusu Wasifu wa Kuombea Kazi

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba wasifu huchapwa mara moja, kisha hutolewa nakala na kusambazwa kuanzia ofisi za Mbeya mjini hadi viwanda vya mbao vya Mafinga. Mhitimu huketi kando ya mwenye steshenari, naye hufungua wasifu wa mteja wa jana, hubadilisha jina, shule na namba ya simu, na kuacha ile sentensi ya kwamba mwombaji ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma. Ukweli ni kwamba aliyetangaza nafasi ya mtunza stoo anatafuta ushahidi wa utunzaji wa stoo, na asipouona katika ukurasa wa kwanza huenda asiufikie wa pili. Tangazo ndilo linaloamua kipi kitangulie, hivyo lisomwe kabla ya kuandika neno lolote.

Dhana inayoniuma zaidi, kwa kuwa inawapunja vijana wengi wa nyanda hizi za juu kusini mwa Tanzania, ni kwamba asiyewahi kuajiriwa hana uzoefu. Mchukulie kijana wa Mufindi ambaye kila likizo alikuwa kwenye banda la kupimia majani mabichi ya chai, akisoma mizani, akiandika daftarini kilo za kila mkulima, na kuhakiki jumla kabla gari la kiwanda halijaondoka. Katika wasifu wake kazi hiyo huitwa "shughuli ndogondogo", au haitajwi kabisa. Angeweza kuandika hivi: "Nilipima majani mabichi na kutunza daftari la mizani, nilipatanisha tofauti za uzito kati ya wakulima na dereva kabla ya mzigo kuondoka." Akiongeza miezi aliyofanya kazi hiyo na idadi ya wakulima aliowahudumia, kwa hesabu ya kweli ya daftari lile, mwajiri anayehitaji karani atakuwa na jambo la kumuuliza kwenye usaili. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyetunza hesabu za kikoba au aliyekuwa muuzaji katika duka la familia Makambako. Hata mafunzo kwa vitendo hayatoshi kutajwa kwa jina la ofisi tu. Kinachotakiwa ni kile ulichokifanya pale.

Wapo wanaoamini kwamba wasifu kamili lazima utaje dini, kabila na hali ya ndoa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na inamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa, kwa hiyo mistari hiyo inakula nafasi bure. Umri ni suala jingine: matangazo ya utumishi wa umma kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45 na kudai cheti cha kuzaliwa.

Kwamba kukuza sifa kidogo hakumdhuru mtu, hilo ni hatari kubwa. Mwezi Aprili 2017 ripoti ya uhakiki iliyokabidhiwa kwa Rais Magufuli mjini Dodoma ilitaja watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini, wakiwemo waliokwisha kutumikia miaka mingi. Kughushi ni jinai ambayo adhabu yake ya jumla, chini ya Kanuni ya Adhabu, hufikia kifungo cha miaka saba. Anayeandika kwamba anamudu programu ya uhasibu aliyoiona tu kwa mwenzake hajaghushi cheti, lakini ataketishwa mbele ya kompyuta siku ya usaili.

Kwa wanaoomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachoendesha ajira za utumishi wa umma, wengi hudhani kwamba hati ya matokeo ya muda inatosha. Matangazo yake husema wazi kwamba hati za matokeo hazitakubaliwa, na kwamba zinazotakiwa ni nakala za vyeti halisi zilizothibitishwa na mwanasheria. Hutaka pia majina ya wadhamini watatu, yaani watu wa kuulizwa habari za mwombaji, na hapa wengi huandika diwani au mchungaji mashuhuri ambaye hajawahi kuwaona wakifanya kazi. Mdhamini anayefaa ni msimamizi wa mafunzo au mwalimu anayekumbuka kazi yako, aliyeombwa ridhaa mapema, na ambaye namba yake umeipiga wiki hiyo ukahakikisha inapokelewa.