Bugizi ni nini, na mzazi afanye nini

Malindi ukitaja dawa za kulevya, watu wazima hufikiria unga, yaani heroini. Kijana wa kidato cha pili huenda ana kitu kingine mfukoni: kidonge alichokitoa kwenye mkoba wa bibi yake, au alichouziwa na kemisti asiyeuliza cheti cha daktari.

Huko ndiko kutumia vibaya dawa za hospitali: kumeza dawa aliyoandikiwa mtu mwingine, kuzidisha kipimo ulichopewa, au kuitafuta ili ulewe, ulale au utoe woga. Bugizi ni jina la mtaani la Rohypnol, dawa ya usingizi. Valium ni ya ukoo huohuo. Kuna pia za maumivu, kama tramadol na kodeini, hii ya mwisho ikiwemo katika baadhi ya dawa za kikohozi. Kodeini ikifika kwenye ini, sehemu yake hugeuka mofini, dawa kali ya maumivu, na heroini yenyewe hutengenezwa kwa mofini. Kwa hiyo kusema “si unga, ni dawa tu” ni kujidanganya. Zikichanganywa zenyewe kwa zenyewe au na pombe, pumzi inaweza kukatika usingizini.

Dalili ni ulimi mzito, usingizi wa mchana kutwa, kusahau kabisa ya jana, na vidonge vya mgonjwa wa nyumbani kuisha kabla ya siku zake. Vihesabu, uvifungie.

Ukishajua, usimwite mbele ya wajomba. Ngoja asiwe amelewa, mkae wawili, umuulize anameza nini, tangu lini, na anakimbia nini. Tena nakusihi, usimfungie chumbani ili aache siku moja. Aliyezoea bugizi au Valium kila siku, akikatizwa ghafla, anaweza kushikwa na kifafa, hata kufa. Daktari humpunguzia kidogo kidogo, kwa wiki au miezi. Asiyejua aanzie wapi apige 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Ukimkuta haamki, anakoroma vibaya au midomo imekuwa ya buluu, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Usimpe maziwa wala usimtapishe. Beba na pakiti ya dawa. Naloksoni humzindua aliyezidisha kodeini, lakini haiondoi sumu ya bugizi, na daktari lazima ajue anapambana na ipi.