Mafuta ya Nyonyo Si Mbegu ya Nyonyo

Nikitoka porini na mfuko wa sampuli, swali huwa lilelile: "Huu ni dawa au sumu?" Nami hujibu kwa maswali: sehemu gani ya mmea, imeandaliwaje, na anayekunywa ni nani?

Chukua mnyonyo. Mbegu zake zina madoadoa, zimevimba kama kupe aliyeshiba. Hata jina lake la kisayansi, Ricinus, kwa Kilatini ni kupe. Mafuta yake yamelainisha choo tangu Misri ya kale, na leo yanapakwa nywele. Ila ndani ya mbegu hiyohiyo mna risini, sumu inayozizuia seli kujitengenezea protini. Risini haiyeyuki katika mafuta. Hubaki kwenye mashudu, na moto ndio huiharibu. Ndiyo maana mafuta yaliyoandaliwa vizuri hayana shida, lakini mashudu mabichi yakitupwa ovyo yanaua mifugo. Mtoto akimeza mbegu nzima, ganda gumu huweza kumwokoa, ikatoka kama ilivyoingia. Akiitafuna, ni balaa jingine. Tena haliji papo hapo: anaweza kucheza saa kadhaa, kisha atapike, aharishe, maji yamwishie mwilini. Dawa ya kuizima risini hakuna, kwa hiyo wahini hospitali kabla dalili hazijaanza.

Mnyaa ni ua zuri la boma, mifugo haiugusi. Utomvu wake mweupe ndio kesi. Mimi, mtaalamu mzima, nilikata tawi kisha nikafuta jasho kwa mkono uleule. Nilishinda gizani kutwa, macho yakiwaka. Ukirukiwa, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, halafu umwone daktari.

Ninaouogopa zaidi ni datura, ule wenye maua kama tarumbeta na matunda ya miiba. Watu huvuta moshi wa majani yake kutuliza pumu, na kweli hutulia, maana atropini, kemikali iliyomo ndani yake, hulegeza njia za hewa. Lakini kiasi chake hubadilika mmea kwa mmea, kwa hiyo kipimo kilichomfaa jirani hakikuhusu. Kinywa kikikauka, mboni zikatanuka, mtu akaanza kuweweseka, kipimo kimeshapita.

Mkimpeleka mgonjwa, bebeni na tawi lenye jani, ua au tunda. Nimewahi kuletewa unga wa kijani kwenye karatasi, nikaulizwa ni mti gani.