Kabla hujamlaumu baba watoto, angalia geti

Mimi kazi yangu ni watoto wadogo na wazazi wao, hapa Arua, Uganda, na kina mama wananiuliza sana nifanyeje huyu mzee naye ashike mtoto. Huwa nawarudishia swali: mara ya mwisho aliposhika, ulimwambia nini?

Maana mara nyingi inaenda hivi, baba ameweka maji kwenye beseni anataka kuogesha mtoto, mama anatoka jikoni mbio, anatia kiwiko, "maji yamepoa haya, lete hapa, wewe hujui", mtoto anachukuliwa na sabuni bado iko kichwani. Hiyo ikijirudia jamaa anaacha kujaribu, anaenda zake stage ya boda kupiga stori, halafu tunasema wanaume hawana habari na watoto.

Wataalamu wanaita hii kulinda geti, yaani mama anakuwa kama askari wa getini, yeye ndiye anaamua baba amfikie mtoto kiasi gani. Sarah Allen na Alan Hawkins wa Marekani waliandika utafiti wao 1999, waliuliza kina mama 622 wenye ajira ambao waume zao pia wanafanya kazi, na kama mmoja kati ya watano alionekana mlinda geti kabisa. Na hao ndio walikuwa wanafanya kazi za nyumbani na za watoto masaa kama matano zaidi kwa wiki kuliko wale wanaoshirikiana na waume zao, yaani geti unafunga mwenyewe na mgongo unauma mwenyewe.

Lakini msinielewe vibaya, mama hafungi kwa roho mbaya. Mtoto akipungua kilo, pale kliniki nesi anamgombeza nani? Mama mkwe akikuta mtoto amevalishwa nguo nyuma mbele hamuulizi mwanae, anakuangalia wewe. Na sheria yetu ya ajira ya 2006 inampa mama likizo ya siku 60 za kazi, baba siku 4, kwa hiyo mama anakuwa fundi wakati mwenzake hata nepi hajazoea, na huyo wa boda hata hizo siku 4 nani atampa.

Kuna geti la kufungwa pia. Kama mtu amelewa au anapiga, funga, hapo sina mjadala.

Kwa hawa wengine wa kawaida dawa yangu ni moja tu, ondoka. Sio kusimama mlangoni unamwelekeza, toka kabisa, nenda sokoni, mwache na mtoto na uji wake. Na wewe ulijua kwa kurudiarudia, hukuzaliwa unajua. Ukirudi ukute soksi moja nyekundu moja bluu na uji umefika mpaka masikioni, jiulize kama hiyo ni hatari au ni staili tu ya baba, kama ni staili nyamaza, na ukiweza mwambie asante Baba Musa, mbona kashiba hivi. Halafu ukiwa huko sokoni usipige simu kila dakika tano kuuliza kama amelala.