Bomu likiota kutu halijafa

Huku kwetu Dodoma utasikia sana, hasa kwa vijana wa vyuma chakavu, kwamba bomu likishakaa ardhini miaka mingi likaota kutu basi limekufa, ni chuma tu cha kupima kilo. Sio kweli jamani. Kutu inakula ganda, baruti ya ndani kama TNT haiozi kirahisi, na fyuzi, yaani kile kifaa cha kulilipua, ikichakaa ndo inakuwa haitabiriki kabisa, kuisogeza kidogo tu inaweza kulipuka.

Ujerumani mpaka leo wanafukua mabomu ya ndege ya vita kuu ya pili, 2010 pale Göttingen moja liliua wataalamu watatu waliokuwa wanajiandaa kulitegua, watu wa kazi hiyo hiyo!

Halafu watu wanadhani bomu la ndege lazima liwe lidubwasha refu lenye mapezi nyuma. Yapo hayo, ila mapezi yanang'oka likigonga chini, likabaki kama mtungi uliotupwa. Mabomu ya mtawanyiko, yale yanayofunguka na kumwaga vibomu vingi vidogo, ndo hatari zaidi kwa watoto, maana vibomu vyake vingine vina saizi ya mpira wa tenisi, na Laos bado vinaua ingawa vilidondoshwa kati ya 1964 na 1973.

Hapa kati hatujapigwa hivyo, ila Kondoa Wajerumani na Waingereza walipigana 1916 kwa mizinga, na kombora la mzinga ambalo halikulipuka ni hatari ile ile. Ukikuta kitu usichokielewa usiguse wala usikirushie jiwe, rudi ulikopitia, zuia wenzako, mwambie mtendaji au piga polisi 112, wao ndo wanaita jeshi.