Uvimbe wa minyoo kwenye ini: si kila mgonjwa anahitaji kupasuliwa

Mgonjwa akiambiwa ana uvimbe wa maji kwenye ini, mara nyingi huuliza atapasuliwa lini. Jibu hutegemea picha ya altrasaundi, na wengine hawapasuliwi kabisa.

Ugonjwa huu huletwa na tegu mdogo wa mbwa, Echinococcus granulosus, mwenye urefu wa milimita chache tu. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yakanasa kwenye manyoya, mboga na maji. Mtu akiyameza, viluwiluwi hupenya utumbo na kusafiri na damu. Mara nyingi huishia kwenye ini, ambako hujijengea kifuko chenye maji. Kifuko kinaweza kukua miaka mingi bila kuuma.

Shirika la Afya Duniani limevigawa vifuko hivi, kwa jinsi vinavyoonekana kwenye altrasaundi, kuanzia hatua CE1 hadi CE5. Vilivyozeeka na kuota chokaa, visivyomsumbua mtu, hufuatiliwa tu. Vidogo, chini ya sentimita 5, mara nyingi hutibiwa kwa vidonge vya albendazoli, dawa ya minyoo, vinavyomezwa pamoja na chakula chenye mafuta ili dawa ifyonzwe vizuri. Baadhi ya vikubwa vyenye maji matupu hutobolewa kwa sindano bila upasuaji. Vilivyojaa vifuko vingine ndani ndivyo hasa sisi madaktari wa upasuaji tunavyovipasua.

Hofu yetu kubwa ni maji yale kumwagika tumboni. Yana vichwa vichanga vya minyoo, na kila kimoja kinaweza kuanzisha kifuko kipya. Yanaweza pia kuleta mshtuko wa mzio unaoua kwa dakika chache. Ndiyo maana albendazoli huanza kabla ya upasuaji, na daktari wa usingizi huweka karibu adrenalini, dawa ya mshtuko huo.

Katika upasuaji wa matundu madogo, kamera na vifaa hupita kwenye matundu machache yasiyozidi sana sentimita moja. Kabla ya kugusa kifuko, tunakizungushia chachi zilizoloweshwa maji ya chumvi kali, yanayoua vichwa hivyo vya minyoo. Kisha tunakitoboa huku tukinyonya bila kukoma. Utando mweupe wa ndani huingizwa kwenye mfuko maalumu tumboni humohumo, ndipo utolewe. Halafu kamera huingia ndani ya kifuko kitupu kutafuta doa la njano. Hiyo ni nyongo inayovuja, na tundu lake lazima lishonwe. Nyongo ikionekana, dawa ya kuua minyoo, kama maji hayo ya chumvi, haimiminwi ndani ya kifuko, kwa sababu huunguza mirija ya nyongo.

Maumivu huwa machache na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Hata hivyo, kifuko kilichojificha nyuma ya ini au kando ya mishipa mikubwa ya damu mara nyingi hakifikiki salama kwa njia hii. Hapo nachagua kufungua tumbo bila kusita. Kovu refu ni afadhali kuliko maji kumwagika.

Baada ya hapo vidonge huendelea, na altrasaundi hurudiwa kwa miaka kadhaa, kwa kuwa uvimbe unaweza kurudi kimyakimya. Wenye mbwa wawape dawa ya minyoo mara kwa mara, na wasiwatupie maini na mapafu mabichi ya mifugo, ambayo huweza kuwa na vifuko hivi.