Skolashipu ya futiboli ya Marekani si mkataba wa NFL

Mzazi akinipigia simu siku hizi, salamu haziishi vizuri: "Kijana kapata skolashipu, anacheza ulinzi, kwa hiyo NFL, ile ligi ya kulipwa, ni suala la muda tu." Hapana, mama. Hapana, mzee wangu. Nimelijibu hili hadi koo limekauka.

NCAA wenyewe, wasimamizi wa michezo ya vyuo Marekani, wanakadiria kuwa kati ya wachezaji 100 wa vyuo wanaofikia mwaka wa drafti, yaani uteuzi ambao timu za NFL huchagua wachezaji wapya, hata wawili hawafiki NFL. Drafti ina raundi 7, na wanaoitwa ni vijana 250 na ushee wa nafasi zote, walinzi wakiwa sehemu tu. Huko wanawakuta watu wazima wanaolinda ajira zao: timu 32, wachezaji 53 kila moja.

Hapo ndipo ninapotajiwa Ezekiel Ansah. Ni kweli, Mghana huyo aliingia futiboli ya Chuo Kikuu cha Brigham Young mwaka 2010 bila kuwahi kuicheza, na 2013 timu ya Detroit Lions ikamchukua wa 5 kwenye drafti. Lakini Ansah alikuwa jitu la karibu mita mbili, tena mkimbiaji wa timu ya riadha ya chuo. Kama mwanao yuko hivyo, tuongee.

Mimi humtaja James Harrison. Alitoka chuo cha Kent State, drafti ya 2002 ikampita, akaachwa mara kadhaa, akapelekwa hadi ligi ya Ulaya. Mwaka 2008 alikuwa mlinzi bora wa NFL. Kabla ya hapo aliishi kwa vikosi vya mateke, yaani wale wanaoingia mpira unapopigwa kwa mguu, kazi ambayo vijana wenu wanaidharau. Nikitazama video zao naona yule yule: mpira umepigwa, wenzake wanachomoka, yeye anajikongoja kwa kuwa "nafasi yangu ni lainbeka," yaani mlinzi wa nyuma ya mstari wa mbele. Lainbeka wa akiba asiyekimbilia mateke hana kazi. Nitalirudia hili hadi nistaafu.

Kisha wazazi huniletea haya mengine. "Ulinzi ni misuli tu." Muulize kocha wake anaangalia nini kwenye video. Ni hatua ya kwanza: je, kijana alimsoma gadi, mzuiaji wa mstari wa mbele wa upande wa pili, au alisubiri auone mpira?

"Atacheza chuoni mwaka mmoja aondoke, kama wa NBA ya kikapu." Haiwezekani. NFL inataka miaka 3 ipite tangu amalize sekondari.

"Hakuzimia, basi ubongo uko salama." Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa, na helmeti haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Atoke uwanjani, apimwe. Sina mjadala hapo.

"Skolashipu ni ya miaka minne." Nyingine ni ya mwaka mmoja mmoja. Kabla ya kusaini ulizeni, na majibu yawe kwa maandishi: ni ya miaka mingapi, goti likikatika nani analipia upasuaji, na je, mazoezi ya asubuhi yatamruhusu kusoma kozi anayoitaka au atasukumiwa ile rahisi.